Palepale pa nani?

Wiki hii tumehama nyumba, mdogo wangu kaolewa Tanga mimi naangalia kwenye simu, lakini kinachonizunguka kichwani tangu Jumanne ni maneno matatu ya Mzee. Mnamjua, yule wa Mombasa, hapa Coventry kiwanda kizima tunaoongea Kiswahili ni sisi wawili.

Nilikuwa napima zile hauzingi sita za alumini, yaani makasha, kwenye mashine ya kupimia vipande kwa kuvigusa. Asubuhi nilishakalibreti probu, ile sindano yenye ncha ya rubi inayogusa kipande, yaani nimeionyesha mashine ncha iko wapi ikiwa wima na ikiwa imelala, nikaona imetosha, kwa hiyo nikawa nagusa uso wa juu, nalegeza leva, nalaza kichwa kinachoshika probu nipate tundu la ubavuni, nakaza, narudisha wima, basi hivyohivyo. Zote sita zikagoma. Nikabandika stika nyekundu nikampelekea.

"Ulipogeuza kichwa ulikalibreti upya?"

"Si nakirudisha palepale, Mzee."

"Palepale pa nani?"

Vijana wa zamu ya mchana wamesimama pale, wananitazama.

Na nilikuwa najua! Ndo kinachouma. Kichwa chetu ni MH20, unakigeuza popote unapotaka ila hakina kituo cha kukikamatisha pembe ileile. MH20i ndo ina vituo, kila digrii 15, nafasi 168, ukishazikalibreti unarudi bila wasiwasi. Kwetu toka egemeo hadi ncha ya rubi ni kama milimita 70, ukikosea sehemu moja ya kumi ya digrii umeshahama maikroni 120, maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, na toleransi yetu, kosa tunaloruhusiwa, ni 50. Hesabu hiyo nimemfundisha mtu mwenyewe, mwezi jana tu. Palepale pa nani. Naisikia hadi nikiosha vyombo.

Jioni wenzetu walipoondoka akavuta kiti. "Haya mwanangu, kilaze, kisha kirudishe vizuri uwezavyo." Nikakirudisha taratibu, pumzi nimeibana kama natunga uzi kwenye sindano. Tukagusa tufe la kalibresheni, mashine ikasema limehama maikroni 90, na tufe lenyewe limefungwa kwa boliti kwenye graniti, halijatikisika hata kidogo. Tukapima zile sita upya, safari hii kila tukigeuza kichwa tunarudi kwanza kwenye tufe, tumekaa hadi saa mbili usiku. Tano nzima kabisa. Mzee akawa anabandua stika nyekundu kwa ukucha, moja moja, anazikunja anatia mfukoni, hasemi kitu. Nilitamani kulia, sijui kwa nini, nilikuwa na furaha.

Halafu ile video ya harusi nimeirudia mara nne. Mama hasimami hata mara moja, hata bibi harusi anapoingia. Nikiuliza, wote wananijibu yuko salama.