Nilivyopanga bei ya mfumo wa waandishi nikiwa Mbeya

Waandishi wa Nyanda za Juu Kusini ni wengi kuliko wanavyoonekana madukani. Mwalimu mstaafu wa Tukuyu ana historia ya ukoo wake kwenye kauntabuku, mchungaji wa Mbalizi ana mahubiri, mhadhiri wa Iringa ana kitini anachotaka kiwe kitabu. Wote huishia steshenari, kwa binti anayechapa kwa ukurasa, kisha flashi inakwenda kwa mchapaji na kurudi: kurasa ni za A4, mchapaji anataka A5, yaani nusu yake.

Mfumo niliotengeneza unafanya kazi hiyo moja. Unapakia faili la Word, unachagua ukubwa wa kitabu, unapakua PDF iliyo tayari kwa mtambo.

Kilichonitoa jasho ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu nyingi hukata kwa kanuni za Kiingereza, ndiyo maana unakuta “wat-” juu na “oto” chini. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mfumo unakata baada ya irabu tu na hauachi herufi moja ikining'inia. Apostrofi nayo ina visa vyake: simu hii inaandika iliyonyooka, ile iliyopinda, na mwandishi akitafuta “ng'ombe” kwenye kitabu chake mwenyewe anapata nusu ya kundi. Nikazigeuza zote ziwe za aina moja.

Ila wanachokipenda zaidi ni hesabu ya karatasi. Karatasi ya A2 ikichapwa pande zote mbili inatoa kurasa 16 za A5. Kitabu cha kurasa 128 kinakula karatasi nane kamili. Cha kurasa 130 kinadai ya tisa, au nusu yake mchapaji akikubali kuikata. Mfumo unakwambia hivyo kabla hujalipa, nawe unapunguza aya mbili au unabana shukrani. Kwa nakala 500, kurasa mbili hizo si mchezo.

Sasa bei. Vijana wenzangu walinishauri niweke malipo ya kila mwezi, ndivyo mifumo mingi ya nje inavyotoza. Nikampigia mwalimu wa Tukuyu, nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Akaniuliza, “Mwanangu, kitabu kikishaisha, mwezi unaofuata nalipia nini?” Swali lilitosha. Tena huku hela huja kwa msimu: viazi vimeuzwa, parachichi zimechukuliwa, pensheni imeingia. Na anayelipa kwa M-Pesa au Airtel Money anaidhinisha mwenyewe kwa namba ya siri. Asipojisikia kulipa mwezi huo, hulipwi. Nikaamua: bei ni kwa kitabu.

Kipimo changu kilikuwa steshenari za Mwanjelwa na Kabwe, maana ndizo ninazoshindana nazo. Kupanga upya kitabu waliniambia sh. 500 kwa ukurasa, yaani sh. 60,000 kwa kurasa 120. Nikaweka sh. 35,000. Kulikuwa na ushawishi wa kuweka 10,000 ili waje wengi, lakini seva nailipia kwa dola, na wateja wangu ni watu wa kupiga simu. Simu ya mzee inakula nusu saa: kwanza salamu, halafu mvua, ndipo faili. Kwa 10,000 ningekuwa nalipwa kupokea simu. Diwani ndogo za mashairi zisizozidi kurasa 48 nimeziwekea 15,000. Washairi wana shida zao za kutosha.

Punguzo huombwa kila siku, hiyo ndiyo biashara ya kwetu. Bei ya kitabu kimoja siigusi, ila natoa vitu vingine. Unaona kitabu chako chote bure, kikiwa na maandishi hafifu ya “sampuli” katikati ya kila ukurasa. Unalipa wakati wa kupakua, na masahihisho ya mwaka mzima hayana malipo. Anayelia zaidi analipa kwa awamu mbili. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, siuzi. Hiyo inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mfumo unahakiki tu kwamba tarakimu ya 13 inakubaliana na zile 12 zilizotangulia, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa jaladani, jalada zima linarudiwa.

Juzi mchapaji mmoja wa Iringa ameomba awalipie waandishi wake kwa jumla. Nimempa vitabu kumi kwa 280,000, kwa sharti kwamba kila akaunti iwe na jina na namba ya simu ya mwandishi, si yake, maana faili ni mali ya aliyeandika na kesho anaweza kutaka kuchapisha kwingine. Bei aliikubali palepale. Hilo la akaunti bado tunavutana.