Nilivyoanza baiskeli ya mlimani kwa ajili ya mazoezi

Nianze na gia, maana bila kuzielewa gia nadhani hii kitu ningeiacha mapema sana. Mi nlikua natafuta mazoezi tu, magoti hayataki kukimbia kwenye lami na mazoezi ya ndani yananichosha akili, nikachukua baiskeli ya mlimani yenye shokapu za mbele peke yake, nyuma fremu kavu. Kwa anayeanza inatosha kabisa, ni nyepesi kupanda nayo na vya kuharibika ni vichache.

Sasa ukikutana na kilima mwili wenyewe unakwambia kanyaga kwa nguvu, na ukikanyaga kwa nguvu kwenye gia nzito mapaja yanawaka, pumzi inakata, unashuka unasukuma. Siri ni kubadilisha gia mapema, kilima hakijakushika bado, miguu ikiwa inazunguka kirahisi, kwa sababu ukingoja mpaka uko katikati na umeikalia cheni kwa uzito wako wote, inakwaruza, inaruka, na inaweza hata kukatika. Mi naweka nyuma kwenye meno mengi kabisa alafu nazungusha haraka bila kusukuma sana, kama mizunguko 70 mpaka 80 kwa dakika, unahesabu goti moja kwa nusu dakika unazidisha mara mbili basi. Mwendo unakua mdogo kweli, mtu wa miguu anaweza akakupita, mwache apite.

Kipimo changu kingine ni mdomo. Kama naweza kuongea sentensi nzima hapo niko kwenye mazoezi ya wastani, maneno yakitoka mawili matatu alafu nahema hayo ni makali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za wastani kwa wiki au 75 mpaka 150 za makali, au uchanganye, na njia ya mlimani inakuchanganyia yenyewe, ikipanda unahema, ikilala sawa unavuta pumzi, hukai unaangalia saa. Hicho ndo kilinishika kuliko mazoezi yote nliyowahi kufanya.

Kupanda kwenye kokoto kuna ujanja wake. Ukisimama juu ya pedeli tairi la nyuma linakosa uzito linateleza pale pale, ukikaa nyuma sana tairi la mbele linanyanyuka. Kwahiyo unasogea mpaka kwenye ncha ya kiti, unainamisha kifua, viwiko unavishusha, na unakanyaga bila kushtua. Unasikia kabisa tairi linang'ata, kokoto moja moja zinabonyea chini yake, raha yake siwezi kuielezea vizuri.

Kiti nacho usikipuuze. Weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, ukirudisha mbele ya unyayo kwenye pedeli goti linabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini magoti ndo yanalipa. Na upepo usijaze tairi mpaka liwe gumu kama jiwe, kwenye njia mbovu tairi gumu linadunda na mikono inakufa ganzi, ila soma pale ubavuni wameandika kiwango, maana kama kuna tyubu ndani na upepo ni mdogo sana, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu unapata pancha ya matundu mawili sambamba.

Kushuka nlikua nakuogopa, na uoga ule umeisha kwa kujifunza kusimama tu. Pedeli zote mbili zilale sawa, makalio juu ya kiti kidogo, magoti na viwiko vilegee, kidole kimoja kimoja kwenye breki, macho mbele kule unakotaka kwenda, sio kwenye jiwe unalolikwepa, ukilikodolea utalifuata. Breki ya mbele ndo inayosimamisha zaidi kwahiyo usiiogope, ibonyeze taratibu na uimalize kabla ya kona, ndani ya kona kwenye vumbi uiachie. Wale waliouanzisha huu mchezo kule Marin County, California, walikua na mashindano ya kushuka kuanzia 1976, baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga nyuma, mpaka wanafika chini grisi yote ya habu, kile kitovu cha gurudumu breki inamokaa, imeungua inabidi wajaze upya, njia yenyewe ikaitwa Repack, Kiingereza cha kujaza upya, kwa sababu hiyo. Hua nawawaza sana nikibonyeza breki ya diski kwa kidole kimoja na baiskeli inatii.

Mwilini nlianza kuona tofauti kwenye pumzi, ngazi zikawa sio habari tena, baadae usingizi, mapaja yakafuata. Uzito ulishuka polepole na sikuufanya ndo lengo. Siku ya pili baada ya mlima mrefu napumzika au nazunguka tambarare tu, misuli inajijenga ukiwa umepumzika, na ukilazimisha kila siku unachoka unaacha.

Helmeti kila safari, hata ile fupi. Kwenye begi nabeba maji, tyubu ya akiba, pampu ndogo na vile vidude vya kubanulia tairi, na mtu mmoja lazima ajue nimeenda njia gani, maana huko juu simu saa nyingine haishiki. Saivi nafanyia kazi kona za kubana wakati wa kupanda, kushoto zinakubali, kulia bado.