Simu Inapotaka Kuonyesha Kila Kitu

Kamera ya simu imeundwa ili picha isiharibike hata mikononi mwa mtu asiyejali. Ukiielekeza kwenye chumba chenye giza, huongeza mwangaza. Ukiielekeza dirishani wakati wa jua kali, huunganisha picha kadhaa ilizozipiga kufumba na kufumbua, ili mawingu ya nje na meza iliyo ndani vionekane vyote kwa pamoja. Kwa picha ya risiti au ya tangazo lililobandikwa ukutani, huo ni msaada mkubwa. Kwa anayetaka kupiga picha za ubunifu katika mambo ya kila siku, naona kwamba ugumu unaanzia hapo hapo, kwa sababu picha inayoonyesha kila kitu kwa kiwango kimoja haimwambii mtazamaji atazame wapi.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kupunguza mwangaza kabla ya kupiga. Katika simu nyingi, ukigusa kioo juu ya kitu unachokipiga na kukishikilia kidole kwa muda mfupi, kamera hufunga fokasi (yaani mahali picha inapokuwa kali) na kiasi cha mwangaza hapo, kisha hutokea alama ndogo ya jua au mstari unaoweza kuuteremsha. Uteremshe kuliko unavyodhani inafaa. Kikombe kilichoachwa mezani, ambacho kilikuwa kimezungukwa na waya za chaji, karatasi na makombo ya mkate, hubaki peke yake na ukingo unaong'aa, huku vurugu yote ikizama gizani, ingawa hukuhamisha hata kijiko. Ipo pia sababu ya kiufundi: sehemu ya picha iliyozidiwa na mwanga hadi ikawa nyeupe tupu haina tena chochote cha kurejesha, ilhali sehemu yenye giza mara nyingi huweza kuangazwa baadaye, japo kwa gharama ya chembechembe zinazotapakaa pichani kama mchanga.

Ukishazoea hilo, utaanza kujali mwanga unatoka upande gani. Mwanga unaoingia kwa ubavu kupitia dirishani hufichua mikunjo ya kitambaa, vinyweleo vya mkono na mikwaruzo ya ubao, mambo ambayo taa ya dari huyafuta kwa kumulika kutoka juu. Zima taa hiyo mchana, kwani balbu nyingi za nyumbani hutoa rangi ya manjano inayogombana na ubuluu wa mwanga wa nje, na kamera haiwezi kuzipatanisha zote mbili. Mwaka 1928 André Kertész, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria, alipiga uma ulioegemea ukingo wa sahani, na kilichoibeba picha hiyo ni kivuli. Josef Sudek naye aliendelea kupiga picha za dirisha la studio yake mjini Prague tangu mwaka 1940 hadi 1954: kioo kilekile, mara chenye umande, mara chenye barafu. Nawataja hawa kila ninaposikia mtu akilalamika kwamba anakoishi hakuna cha kupiga.

Kuhusu lenzi sina mengi. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, na ukimsogelea mtu sana, pua yake hukua na masikio yake hurudi nyuma. Rudi hatua mbili, au tumia lenzi ya pili ya kuvuta karibu ikiwa simu yako inayo. Kutanua picha kwa vidole kupita uwezo wa lenzi ni kuikata tu, kwa hiyo tembea ukikaribie kitu chenyewe. Ifute lenzi kabla ya kupiga, maana mafuta ya vidole hutandaza ukungu kuzunguka kila taa (wapo wanaouita mtindo). Ukikuta dimbwi baada ya mvua, igeuze simu kichwa chini ili lenzi ikaribie maji, na hata dimbwi dogo litaonekana kama ziwa.

Ukungu wa nyuma ya mtu unaotengenezwa na programu siupendi. Simu huukadiria kwa hesabu, nayo hukosea kwenye nywele, miwani na ukingo wa bilauri.

Hali ya usiku ya kamera (night mode) inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na kuubadilisha usiku ukafanana na alasiri. Nikitaka mtaa ubaki wa usiku, huizima au huifupisha muda wake, hulenga taa yenyewe badala ya giza lililoizunguka, huibana simu ukutani na kutumia kipima muda cha sekunde 3, ili kidole changu kisiitikise wakati picha inapigwa.