Siku ya mechi ya kipa namba mbili

Saa 11 alfajiri

Adhana inanikuta macho. Chumba chetu cha kambi kina vitanda vinne, na kile cha dirishani amelala Dogo, mdomo wazi, hana habari. Leo saa 10 jioni anasimama golini Nangwanda Sijaona, uwanja wetu hapa Mtwara. Ana miaka 21. Mimi nina 34, na tangu msimu uanze jezi yangu haijachafuka siku ya mechi.

Nachukua glavu za mazoezi, zile zilizochanika kidole gumba, natoka polepole mpaka ufukweni Shangani. Siku ya mechi hatutakiwi kujichosha, ila mimi nikikaa siku mbili bila kuanguka mwili unasahau, halafu siku ukiitwa ghafla unaanguka kama gunia la korosho. Mchangani naanguka mara ishirini kulia, ishirini kushoto. Maji yamekupwa. Kuna mzee mmoja anayetengeneza nyavu zake pale kila asubuhi, swali lake ni lile lile:

"Leo unacheza?"

"Inshallah, mzee wangu."

Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi anaitikia tu "Inshallah" na kuendelea na nyavu zake.

Saa 2 asubuhi

Chai, mayai, mihogo ya kuchemsha. Kaka yangu anapiga simu kutoka Newala: mikorosho imetoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga umeanza kuonekana, anataka hela ya kumlipa mwenye mashine ya kupuliza salfa. Namwambia avute subira kidogo. Mishahara ya miezi miwili haijatoka. Kaka haelewi, na simlaumu. Mdogo wake ni mchezaji wa kulipwa. Neno "kulipwa" limo ndani ya jina la kazi yenyewe, sasa subira ya nini?

Saa 4

Kikao. Kocha mkuu anaongea na mabeki kuhusu winga wao wa kushoto anayemwaga majalo, yaani krosi, bila hata kuangalia. Mimi na kocha wa makipa tunahamia pembeni na simu yake, tunaangalia penalti za wapinzani. Mpigaji wao, namba 9, anachukua hatua fupi, anasita, kisha anapeleka kulia kwa kipa. Mara nne kati ya tano tulizopata. Naandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, naibandika kwenye chupa ya maji ya Dogo: "9 – KULIA – SUBIRI." Kipa wa sasa hawezi kuruka mapema mbele ya mstari, mpira unapopigwa lazima walau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake, au nyuma yake. Goli lina upana wa mita 7.32, wewe una mikono miwili, na mpigaji yuko mita 11 tu. Ukisubiri umechelewa, ukiwahi umeliwa. Chupa inasaidia kidogo.

Saa 6 mchana

Wali, changu wa mchuzi, ndizi. Maharage hayapo, na sababu kila aliyewahi kukimbia dakika tisini anaijua. Tunalala.

Saa 8 na nusu

Ndani ya basi ninakaa nyuma. Dogo ameziba masikio kwa spika za simu, goti linacheza. Nje, akina mama wanauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pembeni ya barabara, nami natamani niteremke ninunue mafungu mawili, yenye chumvi na pilipili. Namba moja hawezi kuwaza ming'oko saa hii. Namba mbili anaweza, na hiyo nayo ni faida ya kazi.

Makipa tunazeeka kwa kuchelewa, hilo ndilo ninalojiambia. Juma Kaseja alikuwa na umri huu huu wangu Septemba 2019, baada ya miaka nje ya Taifa Stars, aliporudishwa golini na Burundi ikatolewa kwa penalti pale Uwanja wa Taifa. El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 ana miaka 45, na akadaka penalti. Nawajua wote wa namna hii. Mtu aliyekaa benchi anakuwa mtunza kumbukumbu.

Saa 9 na robo

Sasa hapa ndipo kazi yangu ilipo, na watu wachache waliofika uwanjani mapema wanadhani ninajipashia misuli mimi.

Naanza kumrushia kwa mkono, kifuani, taratibu, ili mikono isikie mpira. Kisha mashuti ya chini, mita kumi, kulia, kushoto. Upepo wa kusi unavuma vizuri leo, kama kawaida ya miezi hii, kwa hiyo krosi nampigia kutoka pande zote mbili. Zinazopigwa upepo ukiwa nyuma yake zinakimbia kuliko unavyofikiri. Zinazopigana na upepo zinakata njiani na kukudondokea mbele ya pua. "Usitoke mpaka uuone unaanza kushuka!" namwambia. Anaitikia kwa kichwa.

Simfungi. Nikitaka ningemfunga, namjua anapoacha nafasi, karibu na nguzo ya kushoto, chini. Kipa ukimfunga mara tatu wakati wa kupasha, anaingia na mabao matatu kichwani. Mpira wa mwisho kabisa huwa nampigia mkononi, wenye nguvu lakini mkononi, ili aingie kubadilisha jezi sauti ya mwisho masikioni mwake ikiwa ile ya mpira kuganda kwenye glavu. Nilifanyiwa hivyo na mkubwa wangu, kabla sijamnyang'anya nafasi yake.

Saa 10 jioni

Tulipata bao dakika ya 20, kichwa cha kona. Dogo aliokoa michomo miwili ya maana kipindi cha kwanza, mmoja wa karibu sana, kwa mguu. Nilisimama nikapiga makofi na nilimaanisha.

Kipindi cha pili tukacheza upepo ukitupiga usoni. Dakika ya 74 amedaka krosi safi, amelala juu ya mpira, anapoteza muda kidogo kama tulivyofundishwa sote. Tatizo ni kwamba sheria imebadilika. Zamani zilikuwa sekunde 6 na marefa wengi walizifumbia macho. Sasa ni 8, na zikibaki tano refa anainua mkono na kuzihesabu kwa vidole. Zikiisha, wanapewa kona. Dogo alikuwa amempa refa mgongo.

Nilipiga kelele kutoka benchi. "Toa! Toa! Toa!" Kusi ikaimeza sauti yangu.

Kona. Mpira ukaja na upepo, ukawa kama umepita, kisha ukajikunja kuelekea goli. Dogo alitoka kabla haujaanza kushuka. Ngumi ikapiga hewa. Moja moja.

Sasa niseme ukweli, maana sina sababu ya kuandika haya kama nitauficha. Mpira ulipogusa nyavu, kitu cha kwanza kilichonipita kifuani hakikuwa huzuni. Kilikuwa kidogo, kama cheche, kikazimika mara moja. Halafu nikamwona kocha wa makipa ananitazama mimi badala ya kutazama golini, na nikajua naye aliwahi kukalia benchi hili.

Ikaisha hivyo hivyo, moja moja.

Saa 12 na nusu

Chumba cha kubadilishia nguo, kimya. Kocha mkuu amesema maneno mawili akatoka. Dogo amekaa na taulo kichwani. Nikakaa kando yake, si karibu sana.

"Sikusikia, kaka."

"Najua. Upepo."

"Refa je?"

"Refa alikuwa sahihi. Siku nyingine ukilala na mpira, amka ukiwa unamtazama yeye, si mabeki."

Akaitikia. Sikumwambia lile la kutoka mapema. Analijua kuliko mimi. Akavua njumu, akapanda basi na ndala, glavu akaziacha chini ya benchi kama alivyozitupa.

Saa 2 usiku

Kambi imevunjwa mpaka Jumatatu, niko nyumbani Chuno. Watoto wamelala. Nimekaa uani na beseni la maji ya uvuguvugu. Glavu hazifuliwi kwa sabuni ya unga, sponji ya kiganjani inakufa. Unakamua taratibu bila kuisokota, mpaka maji yatoke meupe, na unaanika kivulini, juani inapasuka. Zangu za mechi hazina uchafu wowote, ila zimeshika jasho la kupasha, nazo nazikamua.

Mke wangu akaja na taa ya simu. Akahesabu kwenye kamba.

"Mbona ziko nne? Hizi nyingine za nani?"

"Za kazini," nikamwambia, nikamwaga maji.