Parsons na Binti Yake

Jumapili usiku. Nimemaliza kwa mara ya tatu riwaya ya George Orwell, 1984, iliyotoka London mwezi Juni 1949, miezi saba kabla mwandishi wake hajafariki kwa kifua kikuu. Mara mbili za kwanza nilimfuata mhusika mkuu, Winston Smith, tu, nikamchukia O'Brien, ofisa anayemtesa, nikafunga kitabu. Safari hii aliyeninyima usingizi ni jirani yake Winston, Parsons, mtu mnene wa jasho jingi, mwaminifu kupita kiasi kwa Chama kinachotawala, ambaye zamani nilikuwa nikimruka ili niwahi kurasa za Julia, mpenzi wa Winston.

Mapema kabisa mke wa Parsons anamwomba Winston amzibulie sinki la jikoni. Winston anapiga magoti, anatoa bonge la nywele lililoziba bomba, ananawa, na anaporudi sebuleni mtoto wa kiume wa miaka tisa anachomoza nyuma ya meza na bastola ya kuchezea, akimwita msaliti, huku dada yake mdogo akimwiga kila hatua. Wamekasirika kwa sababu hakuna aliyewapeleka bustanini kutazama wafungwa wakinyongwa. Mama yao yuko papo hapo, na anawaogopa.

Parsons anakuja kukamatwa baadaye sana. Anaingizwa katika seli alimo Winston na kueleza kwamba usiku, akiwa amelala, alitamka maneno ya kumpinga Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama. Binti yake wa miaka saba alikuwa ametega sikio kwenye tundu la ufunguo, na kesho yake akaenda kuripoti. Baba hana kinyongo. Anajivunia malezi aliyompa, na anapanga kuwashukuru watakaomhukumu kwa kumwahi kabla hajaharibika zaidi. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu anamshukuru mdudu kwa kumng'ata.

Nilichokuwa sijakiona ni kwamba Parsons hakujisikia akisema. Alikuwa usingizini! Ushahidi wote ni neno la mtoto, na mwandishi hatupi namna yoyote ya kuuhakiki, ilhali Parsons haulizi hata mara moja kama kweli alisema. Kazi ya Winston katika Wizara ya Ukweli ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yasiisute serikali, hata kumbuni shujaa wa vita, Ogilvy, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na mgawo wa chokoleti unaposhushwa kutoka gramu 30 hadi 20, kesho yake watu wanashukuru kwamba umepandishwa hadi 20. Parsons ni miongoni mwa wanaoimeza habari hiyo bila shida. Mtu aliyekwisha kuzoea kuambiwa jana alikula nini, atashindwaje kuambiwa usiku alisema nini? O'Brien anatumia mashine ya maumivu na muda mrefu mno ili Winston aone vidole vitano pale penye vinne. Parsons hakupigwa hata kofi. Kwa maoni yangu yeye ndiye kazi safi zaidi ya dola ile, na Orwell, kwa ujanja, amempa kurasa chache na harufu mbaya.

Asubuhi ya leo, wakati wa chai, binti yangu aliniambia kwamba jana niliongea usingizini. Nilimuuliza nilisema nini. Alicheka tu, akachovya mkate wake.