Nyenze Wanyamaze Kwanza

Mdogo wangu anaishi Liège, Ubelgiji, na huu ni mwaka wake wa tatu huko. Mwishoni mwa Septemba alinitumia picha kwenye simu: kijito chembamba kinapita kati ya mawe, na juu yake mti mmoja ambao tawi moja tu lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Chini ya picha aliandika: "Yaya, huku majani yameanza kufa." (Kwetu yaya ni ndugu mkubwa.)

Niliirudia picha ile siku nzima. Mimi nimezaliwa na kukulia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na sikukumbuka ni lini nilikaa kando ya maji bila ndoo, bila nguo za kufua, bila haraka ya kurudi. Jumapili iliyofuata nikatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, nikashika basi ndogo inayokwenda upande wa Kasenga.

Sisi tulikuwa tunatoka mjini, watu wa makala (mkaa wa kupikia) walikuwa wanaingia. Walitembea kando ya lami kwa mstari mrefu, kila mmoja anasukuma kinga yake (kwetu baiskeli ni kinga) iliyobeba magunia kupita kimo cha mtu, kiwiliwili kimeinama mbele, mguu kwa mguu. Baadhi yao bila shaka walilala njiani. Siwezi kuwatazama kwa hasira, maana mbabula, jiko la nyumbani kwetu, inawaka kwa makala hayo hayo, asubuhi na jioni. Lakini kwa dirisha la basi niliona gharama yake: visiki, majani makavu, visiki tena. Tulikwenda muda mrefu ndipo miti mizima ikaanza kusimama kwa wingi.

Nilishukia kwenye kijiji ambacho shangazi yangu aliwahi kulima, nikaomba ruhusa kwa wazee, wakanionyesha njia ya kwenda mtoni. Moto wa pori ulikuwa umepita. Chini kulikuwa kweusi, na kila hatua iliinua majivu mpaka magotini. Vichuguu vya mchwa vilisimama huku na huku, vingine virefu kuliko nyumba, vimeota miti juu yake kama visiwa. Katika weusi ule maua madogo ya njano yalikuwa yamechomoza moja kwa moja kutoka kwenye udongo ulioungua, bila jani hata moja.

Kisha njia ikapanda kidogo, na nikaiona miti.

Nilisimama. Pori lote lilikuwa jekundu. Si nyekundu ya aina moja: kulikuwa na rangi ya divai, rangi ya tofali, ya waridi, na ile ya mukuba, yaani shaba, uliosuguliwa vizuri. Mkoa wetu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kwa ajili ya madini yaliyo chini ya ardhi. Kwa mtu aliyesimama pale Septemba, jina hilo lingefaa kwa kilicho juu ya ardhi pia. Miti mingi ilikuwa muputu na mutondo, na jua la asubuhi lilipenya majani yake laini mpaka nikaona mishipa.

Huko kwa mdogo wangu, siku zinapofupika mti huacha kutengeneza rangi ya kijani, na ile ya njano iliyokuwa imefichwa chini yake hujitokeza. Miti mingine hutengeneza nyekundu mpya kabla jani halijaanguka. Kwetu mambo yamegeuka. Miti yetu hupukutisha majani ya zamani katika kiangazi, halafu mnamo Septemba na Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu na tone la mvua halijaanguka, hutoa majani mapya kwa maji iliyojiwekea katika shina na yale inayovuta kwa mizizi mirefu. Jani huzaliwa jekundu, na linapokomaa ndipo huwa kijani. Rangi ambayo Liège ni ya kuaga, hapa ni ya mtoto mchanga. Nilitaka kumwandikia hapo hapo, lakini mtandao haukuwepo, na sasa nafurahi kwamba haukuwepo.

Kijito kilikuwa bondeni, ndani ya mushitu, msitu wa kando ya maji, mwembamba wenye kivuli kizito. Nikapata mzizi mnene, nikakaa, nikaweka simu juu ya jiwe irekodi sauti.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimeingia kwa kishindo, na kila kiumbe kilikuwa kimejificha. Kilichosikika ni nyenze tu. Katika mwezi huu nyenze hawaimbi, wanakata hewa kama msumeno, na kelele yao ilifunika hata maji yaliyokuwa hatua mbili kutoka miguuni pangu. Nikaona maji yanatembea, lakini sikuyasikia.

Kisha wakanyamaza, wote mara moja, na maji yakaingia masikioni. Hayakuwa na sauti moja. Pale yalipopita chini ya mzizi yaliguna, kwenye changarawe yalinong'ona, na mbali kidogo kulikuwa na tone lililoanguka peke yake, likikaa kimya, likianguka tena. Sijui yalidumu muda gani kabla nyenze hawajaanza upya. Kuanzia hapo nilikuwa nawasubiri wanyamaze.

Na katika kusubiri huko vitu vikarudi. Kaa mdogo wa rangi ya matope alitoka chini ya jiwe kiubavuubavu, akasimama kama anayenihesabu vidole. Wadudu weusi wanaong'aa walizungukazunguka juu ya maji bila kugongana. Mdiria alikuja akatua kwenye tete, mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya machungwa, mdomo mwekundu, mwili mzima hauzidi kiganja. Alitazama maji, nami nikamtazama yeye, na nilizuia pumzi mpaka kifua kikauma. Alijitupa, akarudi na kisamaki, akakipigiza kwenye tete mara tatu, akameza.

Ndipo nikasikia hatua. Mama mmoja mzee alishuka na beseni kichwani, akaenda kwenye kidimbwi kilichozungushiwa vijiti pembeni ya kijito. Alikuwa ameloweka mihogo yake hapo, uchungu utoke. Akabonyeza mmoja kwa kidole kuona kama umelainika.

"Uko natafuta nini hapa, mwana?"

"Hapana kitu, nkambo. Niko naangalia tu maji."

Alinitazama kidogo, kisha akaweka beseni chini na kukaa naye. Hakucheka.

"Zamani, mu mwezi kama huu, ilikuwa nanifika mu magoti," alisema. Akaingiza mguu kuonyesha: maji yaliishia kwenye kifundo. "Kule juu banakata sana."

Nikamuuliza kuhusu mvua.

"Muti ikishavaa hivi," akainua kidevu kuelekea kule kwenye wekundu, "njo najua haiko mbali. Niko na majuma kidogo tu ya kumaliza shamba."

Tulikaa. Maji ya upande ule huteremka mpaka mto Luapula, yakaingia Ziwa Mweru, yakatoka kwa mto Luvua kwenda mto Lualaba, na mwisho wake ni Atlantiki. Nilimwambia hivyo. Akasema basi yapite polepole, mihogo yake bado.

Alipoondoka jua lilikuwa juu. Nikasikia milio laini angani, ya mviringo, kabla ya kuona chochote. Kisha keremkerem wakapita juu ya matawi, wengi, wakielea na kupiga mbawa, na chini yao mbayuwayu wachache. Septemba ndiyo mbayuwayu wanaikimbia Ulaya, na wengi huja kukaa miezi ya baridi upande huu wa Afrika. Huenda mmoja wao alipita juu ya kijito cha mdogo wangu. Niliwafuata kwa macho mpaka wakawa vumbi.

Usiku, nyumbani, nikamtumia ile sauti. Akanipigia kabla haijafika nusu.

"Yaya, maji iko wapi? Niko nasikia nyenze tu."

"Ngoja," nikamwambia. "Banyamaze kwanza."

Hakukata simu. Nilisikia msumeno wa nyenze ukitoka upande wake, umepungua, kama uko katika chumba kingine. Ukakatika. Hakusema neno mpaka sauti ikaisha, kisha akaianzisha tena.