Njiani kuna nini? Kuandaa matukio ya porini kwenye mchezo wa fantasia

Safari ya siku saba kutoka mjini hadi magofu ya ngome mara nyingi huharibika kwa namna ileile. Msimamizi wa mchezo, anayesimulia ulimwengu huku wachezaji wakiigiza wahusika wao mezani, anarusha dadu, wanatoka mbwamwitu 6, watu wanapigana dakika arobaini, wanatibu majeraha, wanalala. Kesho yake ni majambazi 8, na mambo ni yaleyale. Mbwamwitu hawana kosa. Kilichokosekana ni kitu cha kuamua kabla panga hazijatoka alani.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kanuni ya zamani ni kurusha dadu yenye nyuso 6, na ikitoka 1 kuna tukio. Ukirusha mara nne kwa siku, uwezekano wa kupata angalau tukio moja siku hiyo ni karibu asilimia 52. Anayejumlisha moja ya sita mara nne atakuambia 67, naye amekosea: unazidisha uwezekano wa kukosa, yaani 5/6 mara nne mfululizo, unapata 48, kisha unautoa kwenye 100. Kwa siku saba hayo ni marusho 28, wastani wa matukio manne hadi matano. Yakiwa yote ni mapigano, jioni nzima imekwisha na ngome haijaonekana hata kwa mbali.

Mimi napendekeza marusho mawili kwa siku, moja la mchana na moja la usiku, na dadu ifanye kazi zaidi ya moja. Ikitoka 1, kikosi cha wachezaji kinakutana na kiumbe. Ikitoka 2, kinakuta dalili tu: nyayo, moshi, mzoga uliolika nusu. Ikitoka 3, ardhi au hali ya hewa inaleta shida, kwa mfano kivuko kimefurika. 4 hadi 6, siku imepita salama, iseme kwa sentensi moja na uendelee. Kwa siku saba utapata viumbe mara mbili hivi, dalili mara mbili na shida ya njia mara mbili. Inatosha kabisa.

Kuna tatizo jingine linalofichwa na kanuni zenyewe. Katika toleo la tano la mchezo maarufu wa Dungeons & Dragons, lile la 2014, mapumziko marefu ya saa 8 hurudisha pointi zote za uhai na nafasi zote za uchawi, yaani mara ambazo mchawi anaweza kuroga. Pambano moja kwa siku porini basi halimgharimu mtu kitu: mchawi anamwaga kila alichonacho, analala, anaamka mzima. Kitabu cha msimamizi cha toleo hilo kina kanuni ya hiari inayofanya mapumziko mafupi kuwa ya saa 8 na marefu kuwa ya siku 7. Inafanya kazi, ila uchawi uliokusudiwa kudumu saa 8 unapoteza thamani, na mwenye mhusika anayeutegemea atalalamika, tena kwa haki. Njia nyepesi ni kusema mapumziko marefu hayapatikani bila paa, moto na mlango wa kufunga. Liseme siku ya kwanza. Ukilitangaza katikati ya safari, utaonekana unawakomoa.

Sasa umbali, jambo ninaloliona limepuuzwa kuliko yote. Ubao wa kuchezea una miraba, kila mmoja futi 5, na miraba 20 ni kama mita 30. Kwa kuwa ubao unaishia hapo, kila tukio linaanzia hapo, hata kwenye nyika tupu ambako mtu aliyesimama huona upeo wa macho ulio karibu kilomita 5. Kanuni za Expert za mwaka 1981, za toleo la zamani la mchezo huohuo, zilikuwa na akili zaidi: nje, rusha dadu nne za nyuso 6, zidisha kwa yadi 10. Wastani ni yadi 140, yaani futi 420. Mbwamwitu wa toleo la tano anayekimbia kwa nguvu zote hupita futi 80 kwa raundi (kila mmoja akitenda zamu moja), kwa hiyo atafika raundi ya sita. Raundi tano ni muda wa kupanda mti, kuwasha mienge, kuwafunga punda, au kubishana nani abaki nyuma. Ubishi huo ndio mchezo wenyewe. Msituni punguza umbali, usiku punguza zaidi, ila usiufute.

Kwenye jedwali la matukio, linaloonyesha kila namba ya dadu inaleta nani, tumia dadu mbili za nyuso 6. Zinakupa safu 11 tu, na hazina uzito sawa: 6, 7 na 8 kwa pamoja hutokea asilimia 44 ya marusho, 2 na 12 chini ya asilimia 3 kila moja. Katikati weka wakazi wa kawaida wa eneo: wasafiri, wachungaji, doria. Pembeni weka joka. Ndiyo, joka, hata kama kikosi bado ni kichanga. Sharti lake ni aonekane akiwa mbali na pawepo pa kujificha. Kiumbe anayeweza kuwamaliza wote akitokea ghafla hatua kumi kutoka kwao, hapo umewaua wewe, usisingizie dadu.

Kila safu iseme mambo manne: ni nani, anafanya nini sasa hivi, anataka nini, ametangulizwa na dalili gani. "Zimwi 1" si safu. Hii ndiyo safu: zimwi amesimama kwenye mto akipima kina kwa mti mrefu, anataka kuvusha ng'ombe 11 wa wizi kabla ya jua kuzama, na ng'ombe wamegoma kuingia majini. Kilomita moja kabla, njiani kuna kinyesi kibichi na unyayo mmoja wenye urefu wa mkono mzima. Kikosi kinaweza kumsaidia kwa malipo, kumwibia mwizi, kusubiri apite, au kuvuka chini zaidi ambako maji yanafika kifuani na mizigo italowa. Wenye ng'ombe wako nyuma, mwendo wa saa mbili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ramani ya vita.

Dalili isifichwe nyuma ya rusho. Kinyesi kiko njiani, kila mtu anakiona. Rusha dadu kujua tu kama mwindaji anatambua ni cha leo. Ukifanya kinyume, wakishindwa kuona hawatajua hata walichokosa.

Hulka ya kiumbe pia iache kwa dadu mbili: 2 anashambulia papo hapo, 3 hadi 5 ana uhasama, 6 hadi 8 hajaamua, 9 hadi 11 hana nia ya vita, 12 ni rafiki. Karibu nusu ya mara hajaamua, na hapo maneno ya wachezaji yana kazi.

Njaa na kupotea navyo ni matukio. Kanuni za kwanza za Dungeons & Dragons, za 1974, ziliwaelekeza wachezaji kutumia ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa 1972 kuhusu kunusurika nyikani. Kupotea lakini kuwe na bei inayohesabika: siku moja, chakula cha siku moja, na rusho mbili za ziada.

Safu ikishatumika, ifute na uandike matokeo yake mahali palepale. Zimwi wa namba 7 akisaidiwa kuvuka, safu hiyo sasa ni wenye ng'ombe, watu 9 na mbwa 3, wanaouliza kila msafiri kwa nini nguo zake zina matope ya mtoni.